Jumuiya Si Mahakama

Wapendwa taifa la Mungu, mara nyingi tafakari yetu ya juma huanza na masomo ya Dominika. Leo tunaomba radhi, tutaanza na kaburi.

Hivi karibuni tulimzika baba mmoja katika mojawapo ya vigango vyetu vya kando ya Ziwa. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaani. Jeneza lilibebwa na majirani, wengi wao Waislamu, waliovua viatu mlangoni kwa marehemu kwa heshima. Rozari iliongozwa na katekista akisaidiwa na watoto wa marehemu, na nyimbo zilikuwa nyembamba kwa sababu waimbaji walikuwa wanne tu. Jumuiya ndogo ndogo ya marehemu, yenye nyumba kumi na nne za Kikatoliki, haikuja.

Tulimwuliza mwenyekiti, mtu mzima tunayemheshimu, kulikoni. Akatujibu kwa utulivu kabisa: "Baba Paroko, nyumba ile tulikwisha kuifuta kwenye daftari." Tukamwuliza, "Kwa kosa gani, mzee wetu?" Akasema mke wa marehemu ni mwanamaombi. Ushahidi wake ulikuwa wa mambo mawili: kwamba mumewe alipougua, mama yule alikwenda mara kadhaa kwenye maombezi ya wagonjwa, na kwamba kanisani hupiga magoti anapopokea Komunyo, wala hanyoshi mkono. Basi. Marehemu mwenyewe hakuwahi kwenda popote. Alihukumiwa kwa magoti ya mke wake.

Wapendwa, hatuwezi kunyamaza juu ya jambo hili. Nalo si la kigango kimoja. Tunalisikia parokiani kwetu, na mapadre wenzetu wanatusimulia yanayofanana nalo. Karismatiki hawasalimiani na Lejio ya Maria. Kwaya moja haiimbi nyimbo za kwaya nyingine kwa sababu eti zina "upepo wa kilokole". Ndugu wa tumbo moja wametengana kwa sababu mmoja anasali kwa sauti na mwingine anasali kimya. Na kila upande unajiita mtetezi wa imani.

Tuseme basi kwa ufupi tunachokiamini, kisha tukieleze: tofauti ndani ya Kanisa si ugonjwa mpya, na si kila tofauti ni uzushi. Aliye na mamlaka ya kumtenga Mkristo ni Kanisa kwa sheria yake. Daftari la jumuiya halina mamlaka hayo.

KANISA HALIJAWAHI KUWA KIMYA

Wapo wanaodhani kwamba zamani Wakristo walikubaliana katika kila jambo, na kwamba mabishano yameletwa na nyakati hizi mbaya. Huko ni kutoyasoma Maandiko. Katika sura ya 15 ya Matendo ya Mitume, Kanisa la mwanzo linagawanyika juu ya tohara: je, Mmataifa aliyebatizwa ashike Torati ya Musa? Mabishano yalikuwa makali. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, wakasikilizana, wakatoa uamuzi, wakaandika barua. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anasimulia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso huko Antiokia. Tafakarini hilo: Mtume anampinga Mtume aliye mkuu wa Mitume, mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemfuta mwenzake. Wote wawili twawaadhimisha siku moja, tarehe 29 Juni.

Katika karne ya tatu, Mtakatifu Siprian, Askofu wa Karthago, alitofautiana vikali na Papa Mtakatifu Stefano juu ya ubatizo uliotolewa na wazushi. Siprian alisema ubatizo huo si kitu, watu wabatizwe upya. Papa alisema hapana. Leo Kanisa linafuata fundisho la Stefano. Hata hivyo Siprian hakutupwa nje. Mwaka 258 aliimwaga damu yake kwa ajili ya Kristo, na jina lake hutajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Mtu aliyekosea katika hoja nzito hivyo, twamwita mtakatifu altareni!

Mfano wa tatu tulifundishwa seminari, na kwetu umebaki kama dawa. Kuelekea mwisho wa karne ya 16, Wadominikani na Wayesuiti walibishana juu ya neema ya Mungu na hiari ya mwanadamu. Waliitana wazushi. Roma ilisikiliza mabishano hayo kwa miaka mingi. Mwaka 1607 Papa Paulo V aliyafunga kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia: kila upande uliruhusiwa kufundisha maoni yake, lakini hakuna upande ulioruhusiwa kuuhukumu mwingine kuwa ni wa wazushi. Na mpaka leo hii suala hilo halijatolewa hukumu ya mwisho. Ikiwa Papa aliweza kusema, "subirini", juu ya neema ya Mungu yenyewe, je, sisi tunashindwa kusubiri juu ya magoti ya mama mmoja?

ZIWA LETU LIMEONA MENGI

Lakini tusiende mbali kutafuta mifano. Ziwa hili tunalolivua na kulivuka ni shahidi.

Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Kageye, hapa Usukumani, mwishoni mwa mwaka 1878, na kutoka hapa wakavuka kwenda Buganda. Waprotestanti wa CMS walikuwa wamewatangulia kwa njia hiyo hiyo ya maji. Mwaka 1886, pale Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana waliteketezwa katika moto mmoja kwa ajili ya Kristo mmoja. Tungetegemea moto huo uwaunganishe waliobaki. Haikuwa hivyo. Mwezi Januari 1892, miaka sita tu baadaye, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita pale Mengo, na Wakatoliki walioshindwa wakakimbia. Askofu Hirth mwenyewe alivuka akaja upande wa Bukoba, na ndivyo misheni ya Kashozi ilivyoanza. Ndugu zangu, hayo yalifanywa na watu waliokuwa wamezika mashahidi! Ushujaa wa kufa kwa ajili ya imani haumfundishi mtu moja kwa moja kuishi na anayetofautiana naye. Hilo ni fadhila nyingine, nayo huombwa na kujifunzwa peke yake.

Twende mwaka 1963. Upande wa Kenya wa Ziwa letu, kati ya ndugu zetu Waluo, maelfu ya Wakatoliki waliondoka wakaunda kanisa lao, Legio Maria, chini ya Simeo Ondetto na mama kijana Gaudencia Aoko. Kanisa hilo lilivuka mpaka likafika na kwetu mkoani Mara. Msilichanganye na chama chetu cha Lejio ya Maria, kinachoishi ndani ya Kanisa. Tutazameni walichokichukua walipoondoka: rozari, kanzu, Kilatini cha Misa, heshima kwa Bikira Maria. Hawakuondoka kwa kuuchukia Ukatoliki. Waliondoka wakiwa na magonjwa, misiba na hofu ya uchawi, wakitafuta mahali ambapo mtu angewawekea mikono na kuomba pamoja nao bila kuwacheka. Kujitenga kwao ni jeraha, wala hatukuhalalishi. Lakini mganga mwema akikuta jeraha huuliza pia kisu kilitoka wapi.

Suala la Padre Felician Nkwera wa Jimbo la Njombe linajulikana nchi nzima. Huduma yake ya maombezi na uponyaji ilimwingiza katika mvutano mrefu na maaskofu, akasimamishwa huduma ya kipadre, na wafuasi wake, waliokusanyika Ubungo Riverside, Dar es Salaam, wakaitwa Wanamaombi. Hatuandiki leo kulihukumu shauri hilo. Limekuwa mikononi mwa wenye mamlaka, na sisi twawatii maaskofu wetu. Tunachosema ni hiki: jina "mwanamaombi" limegeuzwa jiwe. Yeyote asaliye sana, au apigaye magoti, au apelekaye mgonjwa wake kuombewa, hutupiwa jina hilo, kisha mlango ukafungwa. Askofu anapotoa uamuzi, hutakiwa kusikiliza, kuandika na kutia sahihi. Wewe uliyemfuta jirani yako, ulimsikiliza lini?

SHERIA INASEMAJE?

Kwa kuwa wafutaji wa majina hupenda kutaja sheria, nasi tuitaje.

Mosi, Hati Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004, namba 91, inasema wazi kwamba haifai kumnyima Mkristo Komunyo Takatifu kwa sababu tu anataka kuipokea akiwa amepiga magoti, au akiwa amesimama. Namba inayofuata inasema mwamini daima anayo haki ya kupokea kwa ulimi. Kwa hiyo anayepiga magoti hajavunja kitu, na anayesimama hajavunja kitu. Anayewagombanisha wawili hao ndiye aliyevunja.

Pili, uzushi una maana yake katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 751: ni kukana kwa ukaidi, baada ya ubatizo, ukweli ambao ni lazima kuusadiki kwa imani ya kimungu na ya Kikatoliki. Neno "ukaidi" lipo pale kwa sababu. Mtu asiyeelewa si mzushi. Mtu anayeuliza si mzushi. Mtu ambaye hajawahi kuonywa kwa upole na mwenye mamlaka hawezi kuitwa mkaidi.

Tatu, mazishi ya Kikanisa hunyimwa watu walioainishwa katika kanuni ya 1184: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hadharani, na wengine wachache, tena ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, na penye shaka, askofu ndiye huulizwa. Tafuteni humo mume wa mama aliyepiga magoti. Hamtamwona.

Tuliosoma shule wakati wa ajali ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, hatujasahau Igoma. Mamia ya watu walikufa maji karibu na jiji letu, na wengi wao wamelala katika makaburi yale ya Igoma, wengine bila kujulikana hata majina. Hakuna aliyesimama pale kuuliza nani alikuwa Karismatiki na nani hakuwa. Waliokufa walifanywa wetu na ule msiba. Ikiwa tuliweza kumzika tusiyemjua jina, kwa nini tunamsusa tuliyekunywa naye uji?

"BASI KILA MTU AAMINI ATAKAVYO?"

Tunasikia swali hilo likija, nalo ni la haki. Hapana, wapendwa. Hatusemi hivyo.

Tunaitofautisha mizigo mitatu. Wa kwanza ni Kanuni ya Imani: Mungu mmoja katika Nafsi tatu, Umwilisho, kifo na ufufuko wa Bwana wetu, uwepo wake wa kweli katika Ekaristi. Hapa hatupigi kura. Asiyeyakiri haya kwa makusudi amejiondoa mwenyewe, na tunamlilia. Wa pili ni mafundisho na nidhamu ambayo Kanisa hutupatia kwa mamlaka yake. Hapa mwamini anaweza kusumbuka, kuuliza, hata kuhuzunika, huku akitii. Na kanuni ya 212 inampa haki, na nyakati nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yake kwa heshima. Wa tatu ni namna za ibada, karama, nyimbo, desturi, vyama vya kitume. Hapa Roho Mtakatifu hugawa apendavyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, katika Hati juu ya Ekumeni ya mwaka 1964, ulitukumbusha kwamba kweli za imani zina mpangilio, kwa kadiri zinavyohusiana na msingi wa imani ya Kikristo. Ugomvi wetu mwingi unatokana na kuubeba mzigo wa tatu kana kwamba ni wa kwanza.

Tena kuna unafiki hapa, na lazima usemwe. Kanda yetu hii ya Ziwa imetiwa doa na mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi, na, hasa kuanzia mwaka 2007, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Nyuma ya damu hiyo wamo wapiga ramli. Kupiga ramli kunapingana na amri ya kwanza ya Mungu moja kwa moja. Huo ndio mzigo wa kwanza. Haya, tuonyesheni jumuiya iliyomfuta mjumbe wake kwa kwenda kwa mpiga ramli! Hatujaiona bado. Mtu huyo hukaa kiti cha mbele, hutoa zaka, husoma somo la kwanza. Lakini mama aliyepiga magoti mbele ya Yesu wa Ekaristi, huyo ndiye hatari kwa imani! Tunachuja mbu na kumeza ngamia, sawasawa na wale ambao Bwana aliwakemea.

KWA NDUGU ZETU WA UPANDE WA PILI

Tusidhaniwe tunaupiga upande mmoja. Ninyi mnaosali kwa moto, mnaofunga na kukesha, tunawapenda, na kesha zenu zimetubeba sisi mapadre wenu bila ninyi kujua. Lakini wapo kati yenu wanaomtazama anayepokea Komunyo mkononi kana kwamba ni Yuda. Wapo wanaosema Misa ya paroko ni "baridi", na kwamba Roho yuko kwao tu. Huko nako ni kufuta watu, ila kwa daftari la moyoni.

Kumbukeni Kanungu, upande wa Uganda. Vuguvugu lile la kurudisha Amri Kumi za Mungu lilianzishwa na Wakatoliki waliosema Kanisa limepoa. Walikuwa na njozi za Bikira Maria, walikuwa na mapadre, walifunga sana. Walijitenga, wakajiwekea ukimya hata wakazungumza kwa ishara za mikono. Walitabiri mwisho wa dunia. Siku ikapita, na waliothubutu kuhoji hawakuwa na mahali pa kuhojia. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya kanisa lao. Kundi ambalo hakuna anayeruhusiwa kumpinga kiongozi huonekana lina umoja kamili, hadi siku ile mlango unapofungwa kutoka nje.

NA SISI MAPADRE

Hapa kalamu inakuwa nzito. Majuma matatu kabla ya mazishi yale, sisi wenyewe tulihubiri kwa ukali juu ya "wanaojifanya watakatifu kuliko Kanisa". Tulipata hata vicheko. Hatukutaja jina, lakini kigango kizima kilijua nani anapiga magoti. Mwenyekiti alipolifuta jina, alidhani anatekeleza homilia yetu. Tunakiri mbele ya Mungu mwenyezi na mbele yenu ndugu. Mimbari ni mahali pa kuvunjia mkate wa Neno. Tukiigeuza fimbo, waamini watajifunza kupiga.

TUFANYE NINI?

Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ngoma za Bulabo huchezwa pale Bujora, Kisesa, mahali ambapo Padre David Clement alijenga kanisa lenye sura ya nyumba ya Kisukuma. Wapo hadi leo wanaotuuliza kama ngoma na altare vinaweza kukaa jirani. Lakini tazameni kinachochezwa: Wagika na Wagalu, vyama viwili vyenye upinzani wa tangu enzi za mababu. Kila kimoja hutaka kukishinda kingine, kila kimoja kina mbinu zake. Ila uwanja ni mmoja. Pasipo Wagalu, Wagika wangecheza na nani? Mababu zetu wasiojua katekisimu walijua kwamba mpinzani si lazima awe adui. Sisi tunaokula mkate mmoja tumelisahau.

Basi tunaagiza, kwa parokia yetu:

1. Hakuna jumuiya itakayofuta jina la mwamini. Penye shaka juu ya imani ya mtu, ifuatwe njia aliyoitoa Bwana katika Mathayo 18: kwanza wawili peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha Kanisa. Wengi wetu huanza na hatua ya tatu.

2. Hakuna msiba wa Mkatoliki utakaosusiwa. Jumuiya inayotaka kujua kama fulani azikwe Kikanisa imwulize paroko, na paroko akiwa na shaka atamwuliza askofu. Wakati jibu linasubiriwa, nendeni mkakae na wafiwa. Kukaa matangani hakuhitaji ruhusa ya mtu.

3. Wahudumu wa Komunyo wampokee apigaye magoti na asimamaye kwa uso uleule.

4. Viongozi wa Karismatiki na wa Lejio ya Maria wataandaa kwa pamoja siku ya kuwaombea wagonjwa parokiani. Wagonjwa wetu waombewe nyumbani kwao, wasilazimike kutangatanga.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakipatana chukua kapu ukavune. Ugomvi wetu utapita, wapendwa. Tusilolijua ni nani atakuwa ameumizwa kiasi cha kutorudi.

Dominika iliyopita mwenyekiti yule alifika nyumbani kwa mjane akiwa na wanajumuiya watano kati ya nyumba zile kumi na nne. Mama aliwapa viti, akawapa na maji ya kunywa. Walisali makumi mawili ya rozari. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, na mama hakuwaambia kwamba amesamehe. Nyumba tisa hazikuja. Tunaziandikia hizo tisa tafakari hii, na tunajiandikia wenyewe pia.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeomba usiku ule wa mwisho ili wafuasi wako wawe wamoja, utufundishe kusema ukweli bila kumtupa ndugu, na kumvumilia ndugu bila kuutupa ukweli. Maria, Malkia wa Mitume, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!